Makofi Mawili ya Saidi Mwewe

Wanga wa kofia hunuka kama uji uliopoa sufuriani. Si harufu ya kupendeza, lakini mimi nimekulia ndani yake, na nilipofungua kasha la kaka yangu Athmani, siku chache baada ya arubaini yake, ndiyo iliyotangulia kutoka. Ndani nikakuta kofia tatu zilizokwisha, moja iliyofika nusu na sindano bado imechomekwa, mkasi, miwani yake, na tasbihi ya marehemu nyanya yetu. Niliketi sakafuni nikaishika tasbihi ile. Ina punje tisini na nane. Sikuhitaji kuzihesabu, kwani ya tisini na tisa niliipoteza mimi, na niliipoteza kwa sababu ya mpira wa kikapu.

Mimi si mwandishi. Shule yangu ilikwisha mapema, na mengi niliyoandika maishani ni barua za kuwajulia watu hali. Lakini kuna swali nililoanza kujiuliza nikiwa na umri wa miaka tisa, bendera ya nchi ikiwa bado mpya, na wenzangu waliokulia Mji wa Kale huenda wakakumbuka kwamba sikuwa peke yangu. Watu wazima waligombana mabarazani kwa ajili yake. Nani hasa aliyekuwa akiifanya timu ya mtaa wetu ishinde: Saidi, tuliyemwita Mwewe, au kaka yangu?

Tulikaa ghorofa ya pili, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Dirisha la jikoni lilitazama kiwanja cha saruji nyuma ya chuo tulichosomea Kurani. Vijana walikuwa wamesimamisha nguzo mbili, seremala wa mtaa akawapa mbao na kuzipaka chokaa, na vyuma vya kikapu vikatoka kwa mhunzi. Mechi zilianza baada ya sala ya alasiri na zilikwisha kabla ya adhana ya magharibi, hata kama timu zimefungana. Sisi wasichana hatukuteremka kiwanjani. Lakini kutoka juu niliona mchezo kuliko waliokuwa chini, maana wao waliona migongo ya watu na mimi niliona kila mmoja alipo. Nyanya aliketi kando yangu akichagua mchele, mama alikuwa nyuma yetu akikaanga mahamri ya kuuza mlangoni, na mimi nilikuwa nimeubana uso wangu kati ya nondo za dirisha.

Baba yetu alikuwa ameshakufa. Miaka yake ya mwisho alipoteza macho yote mawili, na picha niliyobaki nayo ni ya mama akimshika mkono kumteremsha ngazi, akimhesabia vidato kwa sauti ya chini. Baada yake Athmani ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba. Alishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, kazi ya wiki nyingi kwa kofia moja. Alishona ameinama hata kofia ikakaribia kumgusa uso, na nyanya alimwambia kila siku, "Athmani, mjukuu wangu, wewe washona au wanusa?"

Watu walimsema kwa jambo moja tu, kwamba ana maringo. Ukimpungia mkono kutoka upande wa pili wa njia, alikupita kama hakukuona. Ukimwita kwa sauti, alikujibu kwa furaha mpaka ukaona haya kwa kumdhania vibaya. Mimi nilichukulia kwamba hizo ndizo tabia zake, kama vile watu wengine wana tabia ya kukoroma.

Saidi Mwewe alikuwa mwana wa pekee wa mwenye duka la mazulia na sinia za shaba pale Ndia Kuu, watu waliotoka Arabuni zamani za mababu zao. Alikuwa na mikono mirefu kupita kiasi, na aliporuka kikapuni ilionekana kama kuna kitu kinamshikilia hewani. Kila alipotia, Bwana Faraji, muuza kahawa, alichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa baraza yake. Ukuta ule ulijaa mistari ya Mwewe. Athmani alikuwa na michache, imejibanza pembeni.

"Bila Mwewe hapana timu," Bwana Faraji alisema, nilimsikia mara nyingi nikipita kwenda chuoni. "Wataka ushahidi gani? Tazama ukuta."

"Wewe huandika aliyetia," alijibu Mzee Kombo, fundi wa viatu, misumari ikiwa mdomoni. "Aliyempa humwandiki."

"Aliyempa! Kumpa nayo ni kazi? Hata mimi nitampa."

"Wewe? Kikombe cha kahawa wanipa hapa hatua moja, na nusu chamwagika."

Watu wakacheka, na mimi nikaenda zangu nikiwa nimeshiba. Nilimpenda Mzee Kombo kwa maneno hayo. Nilihitaji mtu mzima wa upande wangu, kwa sababu kulikuwa na jambo lililokuwa likiniumiza na sikuweza kumwambia yeyote.

Jambo lenyewe ni makofi. Mwewe alipotaka mpira hakuita jina. Alipiga makofi mawili, pa-pa, na Athmani akamrushia palepale, mara nyingine bila hata kugeuza shingo. Pa-pa, na mpira umekwenda. Siku moja nilimuuliza nyanya kwa nini Mwewe hufanya hivyo, naye, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo wa mchele, akasema, "Wakubwa ndivyo walivyokuwa wakiita watumishi wao zamani. Nyumba za watu wenye mali, hukusikia mtu akiitwa. Wasikia makofi tu, na mtu yuaja mbio."

Nadhani alikuwa akikumbuka mambo yake tu. Hakujua alichonipa. Tangu siku hiyo kila makofi mawili yaliniingia kama kibao. Kaka yangu, mwanamume wa nyumba yetu, anaitwa kama mtumishi mbele ya mtaa mzima, na anakwenda! Na si kiwanjani tu. Mwewe alipokuja kwetu hakupiga hodi. Alisimama chini mlangoni, akapiga makofi mawili, na Athmani, akiwa juu na kofia yake, akaitika, "Haya!" na kuteremka mbio. Nilikuwa nikimtazama Mwewe kutoka dirishani na kumwombea ajikwae.

Ndipo nilipoamua kuhesabu. Nilitaka kujua kwa hakika nani wa kumshukuru nani. Sikuwa na mkaa wala ukuta, lakini nyanya alikuwa na tasbihi mbili, ile ya punje tisini na tisa na nyingine fupi ya thelathini na tatu. Ile ndefu nikaishika mkono wa kulia, na kila alipotia Mwewe nikasukuma punje. Ile fupi nikaishika mkono wa kushoto, na kila goli lililotokana na mpira wa Athmani nikasukuma punje pia. Midomo yangu ilikuwa ikitembea, kwa sababu sikuweza kuhesabu kimya.

Nyanya aliniona. Kisha akaweka ungo chini, akamgeukia mama, machozi yakimlengalenga. "Waona? Mtoto wa miaka tisa. Anamdhukuru Mola kwa mikono miwili."

Ningeweza kusema kweli wakati ule. Sikusema. Kufika Ijumaa majirani wote walikwishajua. Bi Rukia wa chini alimleta binti yake aketi karibu nami ili apate kuiga, na mwalimu wa chuo akanisimamisha mbele ya wenzangu akawaambia wanitazame. Nilisimama, wakanitazama. Kila mechi ilipoanza nyanya mwenyewe aliniletea tasbihi zote mbili, na kumfukuza mtu yeyote aliyezungumza karibu yangu.

Hesabu nayo ilinichanganya. Mikono yangu miwili ilikwenda sambamba. Punje ya kulia ikisogea, ya kushoto ikaifuata, isipokuwa mara chache mno. Goli lilikuwa moja na mimi nililihesabu mara mbili, na nilifikiri hilo ni kosa, kwamba lazima mkono mmoja unasema uongo. Nilichohitaji ni kumwona kila mmoja akicheza bila mwenzake.

Nikapata. Kwanza Athmani aliugua homa. Mwewe alicheza siku ile kama aliyepandwa na kitu. Bwana Faraji aliishiwa na mkaa. Na bado tulifungwa, tena vibaya, kwa sababu wengine wote walisimama kumtazama. Nilifurahi hata nikaona aibu kwa furaha yangu. Kisha nikagundua kitu kilichonikasirisha: siku hiyo Mwewe hakupiga makofi hata mara moja. Wale wengine aliwaita kwa majina yao. Nikajiambia, ndio hao, wana baba zao, hawaitwi kama mtumishi.

Mechi iliyofuata Mwewe alikuwa Malindi kwenye arusi ya jamaa yake. Nikangoja kaka yangu aing'arishe timu. Sisi tulivaa fulana nyeupe, wageni walivaa za manjano zilizopauka. Athmani alipata mpira mara nyingi, na kila mara alisita, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mara mbili alimrushia mchezaji wa wageni, mikononi kabisa. Mara moja aliurusha nje, mahali ambapo hapakuwa na mtu ila mbuzi. Watu walimzomea. "Ameuza mechi!" mmoja akapiga kelele. Tulifungwa zaidi kuliko ile siku ya kwanza.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeuliza swali langu mara mbili na nikapewa majibu mawili yanayopingana.

Wakati huohuo zikaja habari kutoka Kilindini. Kampuni moja ya bandarini ilikuwa na timu yake, na ilitaka mchezaji mmoja kutoka mtaa wetu. Mmoja tu. Atakayechaguliwa atapewa na kazi, karani wa kuhesabu mizigo ikishushwa melini, kazi ya mshahara wa kila mwezi. Bwana wa bandarini angekuja Jumamosi kutazama mechi na kuchagua kwa macho yake. Nyumbani hakuna aliyelizungumza jambo hilo kwa sauti, lakini nilimwona mama akiitazama mikono yake iliyochomwa na mafuta, na nikajua anafikiri nini. Kazi ile ingemtoa kwenye karai la mahamri. Mwewe ilikuwa ya kumfaa nini? Yeye alikuwa na duka la baba yake.

Ijumaa baada ya sala nilimfuata Athmani pale alipokuwa akishona, nikamweleza yote. Tasbihi, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Aliacha sindano hewani.

"Nyanya ajua?"

"Hajui."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia ya mtu. "Ewe Mishi! Na mwalimu amekusimamisha mbele ya chuo kizima!"

"Kaka, sikiza. Magoli yake yote watoa wewe. Kesho usimpe. Tia mwenyewe, yule bwana akuone."

Halafu akaniuliza maswali, na hayakuwa yale niliyotarajia. Alitaka kujua kutoka juu mchezo unaonekana vipi. Mwewe akiruka, mkono wake unapita ule ubao au unafika kwenye chuma tu? Wale wa manjano walikuwa wakisimama wapi? Aliuliza kwa hamu, kama mtu anayesimuliwa habari za nchi ya mbali. Nilimjibu kwa kirefu, nikaona fahari kwamba ananiona mjuzi.

"Basi kesho utatia?"

"Utazame vizuri tu, Mishi," akasema. "Kisha uje unihadithie."

Jumamosi kiwanja kilijaa mpaka watu wakapanda kuta. Bwana wa bandarini aliketi kwenye kiti cha Bwana Faraji mwenyewe, kofia ya jua magotini. Mimi nilikuwa dirishani na tasbihi zangu, nyanya kulia, Bi Rukia na binti yake kushoto, na mama kwa mara ya kwanza ameliacha karai akaja kusimama nyuma yetu.

Mchezo ule ulikuwa wa ajabu, na ulikuwa wa ajabu tangu mwanzo. Mwewe hakutia. Kila alipopata mpira alimtafuta Athmani, akamsukumia mpaka chini ya kikapu, na Athmani aliushika, akainua uso, akasita, akamrudishia. Mwewe akampa tena. Athmani akamrudishia tena. Walikuwa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Watu walianza kunung'unika. Mara mbili Athmani alitia akiwa chini kabisa ya ubao, na mama akanishika bega kwa nguvu. Lakini wageni walikuwa wakitusogelea, na jua likawa chini, na muadhini alikwishapita kuelekea msikitini.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpira ukamfikia Athmani, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Wawili waliomkaba walikuwa wamegongana na kuanguka. Alisimama peke yake, hatua chache kutoka kikapuni, kiwanja chote kikipiga kelele, "Tia! Tia, Athmani! Tia!" Hata nyanya alikuwa akisema tia. Nami nilimwona, kwa macho yangu haya, akikipa kikapu kisogo. Alikigeuza kichwa kando na kukituliza, na katikati ya kelele zile zote nikasikia pa-pa. Akaurusha juu, nyuma yake, bila kutazama. Mwewe aliruka akaukuta hewani akautia.

Adhana ikatoka. Tulikuwa tumeshinda. Watu walimbeba Mwewe juu, na bwana wa bandarini akasimama akampa mkono, akaendelea kuushika.

Mimi niliitupa ile tasbihi ndefu. Ilipiga kwenye nondo, uzi ukakatika, na punje zikamwagika jikoni na nje ya dirisha. Kila mtu alinigeukia, na mbele ya mama, Bi Rukia na binti yake, nikasema yote huku nikilia. Kwamba sikuwa nikidhukuru. Kwamba nilikuwa nikihesabu mpira.

"Siku zote hizi," nyanya akasema, "wahesabu mpira kwa tasbihi yangu."

"Ndiyo, nyanya."

Akamtazama Bi Rukia, akaitazama sakafu. Kisha akainama karibu na sikio langu. "Na nani alikuwa mbele?"

Asubuhi Athmani alizitunga zile punje upya. Nilikuwa sitaki kusema naye, lakini nilikaa kumsaidia kuokota. Alitambaa sakafuni akipapasa kwa viganja. "Ile pale, mbele yako," nilimwambia kwa hasira, "pale, pale!" Naye akapapasa mpaka akaigusa. Alizipitisha kwenye uzi moja moja, akizileta karibu na pua. Moja haikupatikana. Hakutaja mechi, nami sikumhadithia kama alivyoniomba. Niliamini kwamba kaka yangu alikuwa amezoea kuitwa kwa makofi kiasi kwamba hata siku ya bahati yake hakuweza kujizuia. Niliamini hivyo, nasema kweli, maisha yangu yote. Nilimpenda nikiamini hivyo. Hata baada ya kuoa, alipoanza kuvaa miwani minene, nilidhani ni kwa sababu ya kushona.

Mwewe alikwenda bandarini. Timu yetu ilidhoofika, kisha ikafa, na ile timu ya bandarini nayo sikuwahi kusikia imefanya maajabu. Mama alikaanga mahamri mpaka alipochoka. Bwana Faraji alisema timu ilikufa kwa kuondoka Mwewe, Mzee Kombo akasema mchezo wa Mwewe nao ulikufa kwa kuondoka kwetu, na waliendelea hivyo mpaka ukuta ulipopakwa chokaa mpya.

Wiki ile niliyofungua kasha, Saidi alikuja kunijulia hali. Ni mzee sasa, anatembea kwa mkongojo, na ile mikono mirefu imebaki mifupa. Nilimpa chai. Tukazungumza habari za marehemu, na nikaona kwamba nisipouliza leo sitauliza tena.

"Saidi, nina jambo la zamani. Usinichukie. Kwa nini ulikuwa ukimpigia kaka yangu makofi kama mtumishi?"

Aliweka kikombe chini. Alinitazama hata nikaogopa kwamba nimemvunjia heshima ndani ya msiba.

"Mtumishi?" akasema. "Mishi, hukujua?"

"Kujua nini?"

"Athmani alikuwa haoni. Ya karibu aliona. Hatua tatu nne, basi, mbele ni ukungu. Kikapu alikuwa hakioni. Mimi alikuwa hanioni. Alisikia makofi, akarusha kwenye makofi. Tulijifunza tangu tuko watoto, huko nyuma ya ngome, tukirushiana malimau mabichi."

Nilikuwa nikimwona akipapasa punje sakafuni, na mimi nikimfokea pale, pale.

"Mbona hakutwambia?"

"Ungemwambiaje mama yako? Amemshika baba yenu mkono miaka yote ile. Athmani alidhani ni jicho la baba limemfuata. Aliniapisha. Na ile siku ya bwana wa bandarini," akatikisa kichwa, "mimi nilikuwa nataka yeye aende. Nilimwambia, nitakupeleka mpaka chini ya ubao, pale waona weupe wake, utie. Akawa anirudishia. Nilimkasirikia! Wajua aliniambiaje baadaye? Alisema, 'Na wakinipa karatasi nisome nambari za makasha yaliyo juu ya meli, utakuja kunipigia makofi huko?'"

Alicheka, na mimi nikacheka, kisha hatukucheka tena.

Nikamuuliza swali langu lile. Nilimwambia kwamba nilihesabu, mkono huu na mkono huu, na kwamba sijapata jibu. Kati yao wawili, ni nani?

"Nilipofika bandarini," akasema, "nilitaka mtu wa kunipa mpira kama yeye. Walikuwa wachezaji wazuri wale, wana macho mazima. Nikawafundisha yale makofi. Lakini nikipiga, mtu hugeuka kwanza kunitazama. Na akigeuka, yule anayenikaba naye ameshajua. Athmani alikuwa hageuki. Kugeuka kungemfaa nini? Nilipiga makofi mwaka mzima, Mishi. Wakaanza kunicheka. Nikaacha."

Nilimwonyesha kasha. Alizishika zile kofia moja moja, akapitisha kidole kwenye vitundu, na akaniomba ile iliyofika nusu, hivyohivyo, na sindano yake. Nikamwambia ile siwezi kuimaliza, lakini angalau niitie wanga isimame. Aje Ijumaa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo niliilaza kofia kwenye wanga, na asubuhi nikaitandaza kwenye kigogo chake ikauke. Nyumba nzima ikanuka kama zamani. Baada ya alasiri nilikuwa jikoni, dirisha wazi, kiwanja chenyewe siku hizi ni mahali pa kuwekea magari. Nikasikia chini mlangoni, pa-pa.

Kisha kimya. Nadhani alikumbuka alipo, na kwa nini amekuja, na nani hayupo. Akakohoa, akapiga hodi kama mgeni mwingine yeyote.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaitika. "Haya!" nilikuwa nimesema, na nilikuwa nimefika nusu ya ngazi.